Vijino Laini vya Segera

Katika kliniki ya meno ya Daktari Hosiana, pale Kilole mjini Korogwe, hakuna aliyelishika jino la mtoto kwa adabu kama Bi Fatu, mfagiaji. Daktari aking'oa, Bi Fatu alikuwa ameshasimama pembeni na glavu mpya mikononi. Alilipokea jino kwa kibanio, akalitumbukiza katika kichupa chenye maji ya dawa ya rangi ya waridi, akakaza kifuniko, akabandika namba, akakilaza kichupa katikati ya barafu ndani ya deli dogo la bluu. Halafu alilibeba deli hilo mwenyewe hadi stendi, akalikabidhi kwa kondakta wa basi la Dar es Salaam, na hakurudi mpaka alione basi limeondoka.

"Huyu mama angesoma angekuwa mbali," Daktari Hosiana aliwaambia wagonjwa.

Bi Fatu akisifiwa hivyo huinamisha kichwa na kwenda kutafuta ufagio. Watu wakasema, tazameni unyenyekevu. Unyenyekevu wa wapi! Mtu ana mfupa umemkwama kooni, nanyi mnamsifu kwa ukimya.

Sababu ya meno hayo kusafiri ni hii. Watafiti wa chuo kimoja cha Dar es Salaam walikuwa wanakusanya meno ya utoto, yale yanayolegea yenyewe mtoto akifika miaka sita au saba, na Daktari Hosiana alikubali kuwapelekea ya Korogwe. Kila mzazi alielezwa kwanza, akakubali au akakataa. Bi Fatu alikuwa ameyasikia maelezo hayo mara nyingi hata angeweza kuyasema usingizini.

"Ndani ya jino kuna kiini chenye damu na mishipa ya fahamu," Daktari alianza. "Ndani ya kiini zimo seli ambazo bado hazijachagua kazi. Seli ya ngozi ni ya ngozi mpaka kufa. Ya mfupa ni ya mfupa. Lakini hizi, tunaziita seli shina, ni kama kijana aliyemaliza shule jana. Ukimfundisha useremala atakuwa seremala, ukimpeleka jeshini atakuwa askari. Wataalamu wanazikuza maabara, wanajaribu kuzifundisha ziwe mfupa wa taya, ziwe nyama ya ufizi, ziwe kiini kipya cha jino lililokufa." Na kila mara alimalizia kwa kuonya: "Bado ni utafiti. Msije kesho mkaniambia niwaoteshee magego."

Wengi walikubali. Mzee mmoja, Laurenti, aliyemleta mjukuu wake, aligoma kwa nusu saa nzima. Kwao jino la mtoto hutupwa juu ya paa ili lije jipya, na sasa anaambiwa liwekwe kwenye barafu? "Jino la mjukuu wangu liende Dar es Salaam kabla yangu mimi?" aliuliza, na baraza zima likacheka. Mwisho alikubali kwa sharti kwamba mtoto atupe kokoto juu ya bati la kliniki, mila isivunjike. Kokoto likatupwa, jino likasafiri, na kila mtu akaridhika.

Siku moja Daktari alimwita Bi Fatu aone picha kwenye simu. Jino alilolipeleka stendi wiki tatu nyuma lilikuwa limepasuliwa huko maabara, kiini chake kikawekwa katika kisahani, na sasa seli zimejaa kisahani kizima, nyembamba na ndefu, zimelala upande mmoja kama dagaa kwenye mkeka.

"Ziko hai?" aliuliza Bi Fatu.

"Ziko hai, mama. Na zinaongezeka kila siku."

Bi Fatu alikisogelea kioo cha simu. "Na kile kijino cha mtoto mchanga, ambacho hakijatoka kwenye ufizi. Kile laini. Nacho kinazo?"

Daktari alishangaa kusikia mfagiaji anauliza swali la darasani. "Kile ndicho hasa," alisema. "Kile ni kiwanda kizima, mama. Pale ndipo seli zinalijenga jino. Ukikitoa, jino halina tena wa kulijenga."

Bi Fatu alishukuru, akaenda uani, akasuuza dekio lililokuwa safi.

Maana kabla ya kuwa Bi Fatu wa ufagio, alikuwa Mama Ukasha wa Segera, na Mama Ukasha wa Segera alijulikana kutoka Kabuku mpaka Kerenge kwa kazi moja tu, kutoa meno ya plastiki.

Asiyeyajua meno ya plastiki na amshukuru Mungu. Mtoto wa miezi mitano au sita akipata homa, akaharisha, akakataa ziwa, watu walisema ameota meno ya plastiki, meno ya ugonjwa. Walisema hospitali hawayajui, na kwamba mtoto akichomwa sindano kabla hayajatolewa atakufa. Ukimfunua mdomo unaona kweli uvimbe mdogo, mweupe, pale ambapo chonge litakuja kuota. Basi unapasua, unachokoa, unatoa.

Fatu alizaliwa Handeni, kwa Wazigua walima mahindi na muhogo, akaolewa na Kibwana aliyekuwa akiuza machungwa pale njia panda ya Segera. Kazi ya meno aliikuta kwa mama mkwe wake, Bi Maryamu, mwanamke mkali ambaye hakumpenda mkwe mvivu. Fatu alitaka kupendwa. Akajifunza kunoa njiti ya gurudumu la baiskeli mpaka ncha yake ipasue kucha, akajifunza kumbana mtoto katikati ya magoti, na Bi Maryamu alipozeeka, akaachiwa njiti. Hakuwa mwovu. Laiti angekuwa mwovu, pengine angelala vizuri zaidi uzeeni.

Kilichowaaminisha watu, na kilichomwaminisha yeye mwenyewe, kilikuwa ule ulaini. Kila akikitoa kijino alikiweka kwenye kiganja cha mama mzazi na kukibonyeza kwa ukucha. "Unaona? Jino la Mungu ni gumu. Hili ni plastiki." Na kweli kilibonyea, kama karanga iliyong'olewa kabla haijajaza. Wakulima wote wale, watu wanaojua punje changa na punje iliyokomaa kwa kuitazama tu, na hakuna hata mmoja aliyesema: jamani, si bado ni bichi?

Watoto wengi walipona, kwa kuwa watoto wengi wanaoharisha hupona hata ukikaa tu ukiwatazama. Sifa zikaenda kwa Mama Ukasha, pamoja na kuku na vitenge. Na kwa wale ambao hawakupona, Bi Maryamu alikuwa amemfundisha maneno ya kusema, mafupi, yasiyo na jibu: "Mlichelewa kumleta."

Maneno hayo aliyasema mara kadhaa maishani. Kuna mara moja ambayo hakuweza kuisahau.

Dorkasi alikuwa msichana wa Kisambaa kutoka Kerenge, na alimleta mwanawe wa kwanza, Frank, miezi mitano, mchangamfu hata katika homa na kuharisha kwake. Mtoto alimshika Mama Ukasha kidole na kukivuta. Mama Ukasha aliifuta njiti kwa pembe ya kanga, akachokoa vijino viwili vya chini, akavionyesha, akamrudishia mama mtoto wake. Siku ya tatu taya la Frank lilivimba. Siku ya tano alikufa, mgongoni mwa mama yake, wakiwa njiani kwenda hospitali. Baada ya matanga Dorkasi alirudi Segera na nguo zake za msiba. Hakuja kugombana. Alikuja kuuliza.

"Nilikosea wapi, Mama Ukasha?"

"Ulichelewa, mwanangu. Ungemleta siku mbili kabla."

Dorkasi aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaenda zake. Miaka miwili baadaye alikuja tena na mtoto mwingine, Upendo, ambaye alikuwa na joto kidogo tu, la kuguswa na kusahauliwa. "Safari hii sikuchelewa," alisema kwa fahari. Upendo alichokolewa, akapona kile kijoto ambacho kingepona chenyewe, na jina la Mama Ukasha likazidi kupaa huko Kerenge.

Ilikuja siku muuguzi mmoja akapita Segera na picha kubwa ya taya la mtoto, iliyochorwa kama limekatwa katikati. Meno yalionekana yamepangwa ndani ya mfupa, moja moja, yakingoja zamu. Muuguzi aliweka kidole pale pale. "Haya mnayoyaita ya plastiki ndiyo haya. Ni machonge ya mtoto. Ni laini kwa sababu bado ni machanga." Mama Ukasha alikuwa nyuma ya umati na beseni la machungwa kichwani. Tangu siku hiyo aliwaambia watu kwamba macho yake yameharibika, na njiti akamwachia mke wa shemeji yake aliyekuwa akiishi Handeni. Ndiyo, alimwachia! Angeweza kuitupa chooni, akaona aibu kueleza kwa nini. Kibwana alipofariki, alihamia Kilole, akaomba kazi ya usafi, na kati ya milango yote ya Korogwe akabisha hodi kwenye kliniki ya meno. Mwenyewe hajui kama alifuata toba au alifuata adhabu.

Sasa tufike Jumanne ile.

Upendo aliingia kliniki akiwa na miaka ishirini na mmoja, mrefu, mzuri, na mwenye tabia ya kucheka mkono ukiwa mdomoni. Bi Fatu hakumjua. Alikuwa amesimama na deli lake akingoja jino la mtoto aliyetangulia, ndipo akasikia.

"Daktari, nimesikia redioni mnaotesha meno kwa seli," Upendo alisema. "Mimi sina machonge ya chini. Nimekuja kuuliza kama nitaoteshewa."

Daktari alipiga eksirei, akaitazama, akatikisa kichwa. Machonge hayakuwepo hata ndani ya mfupa, na meno ya jirani yalikuwa yameinama kuziba nafasi. "Bado hatujafika huko, mdogo wangu. Labda mwanao akiwa mtu mzima watakuwa wameweza. Leo naweza kukutengenezea ya bandia. Ulizaliwa hivi?"

"Hapana. Nilitolewa meno ya plastiki nikiwa mdogo, huko Segera. Mama anasema niyashukuru haya mapengo, ndiyo yaliyoniacha hai. Kaka yangu Frank alikufa kwa kucheleweshwa."

Barafu ndani ya deli ikagongana. Bi Fatu alikuwa amelikumbatia kifuani.

Daktari Hosiana aliweka kioo chini, akamweleza Upendo ukweli wote, polepole, kuhusu kijino kichanga, na jinsi mbegu ya chonge la ukubwani iliyokuwa chini yake ilivyochokolewa pamoja nacho. Upendo alisikiliza, kisha akasimama ghafla. "Basi lazima mama aambiwe leo leo! Mwanangu Joyceline ana miezi sita, tangu jana anaharisha. Nimemwacha na mama, na mama amembeba kwenda Segera kumtafuta yule yule mwanamke aliyenitoa mimi."

"Mpigie simu sasa hivi amrudishe mtoto, na kesho asubuhi mje wote hapa," alisema Daktari. "Na leo mpe mtoto maji ya chumvi na sukari, kila akiharisha."

Siku hiyo Bi Fatu alipeleka deli stendi kama kawaida, lakini hakungoja basi liondoke. Alirudi chumbani kwake akaketi kitandani na viatu miguuni. Angeweza kuomba ruhusa kesho asifike kazini. Angeweza kusafiri kwenda Handeni kusalimia ndugu. Aliipanga safari hiyo kichwani hadi kipande cha sabuni atakachobeba, na alijiona mdogo, mdogo kuliko siku zote, kwa sababu alijua kabisa kwamba Dorkasi akimkosa Segera atatafuta mwingine, na mwingine yupo, na njiti ni ile ile.

Asubuhi alikwenda kazini mapema kuliko mtu yeyote.

Upendo na mama yake nao walifika kabla ya Daktari. Upendo alikuwa amejiandaa kubishana na mama yake njia nzima, lakini ajabu mama alikubali kuja Kilole bila hata neno moja. Sababu ilionekana mara tu walipokanyaga baraza. Dorkasi, mtoto mgongoni, alimkimbilia mwanamke aliyekuwa akipiga deki.

"Shikamoo Mama Ukasha!"

"Marahaba," alijibu Bi Fatu, na dekio likabaki limesimama mkononi.

"Segera wameniambia siku hizi uko huku. Umenisahau? Mimi Dorkasi wa Kerenge. Na huyu ndiye Upendo, kazi ya mikono yako. Tazama alivyokua!" Alimvuta binti yake mbele kama mtu anayemwonyesha jirani hindi lililotokana na mbegu yake.

Upendo alimtazama bibi kizee aliyemwona jana ameshika deli la bluu. Mkono wake ulipanda wenyewe ukafunika mdomo. Bi Fatu aliuona mkono ule, na akatamani sakafu aliyoipiga deki impasukie.

"Na huyu ni mjukuu," Dorkasi aliendelea, akimfungua mtoto mgongoni. "Anaharisha. Nimempapasa ufizi, yapo. Mtoe, mama. Dakika mbili tu, daktari hajaja."

"Macho yangu hayaoni tena, mwanangu." Uongo wa miaka yote ulitoka wenyewe, umezoea njia.

"Basi nielekeze mwingine. Umemrithisha nani?"

"Mpeleke hospitali."

"Hospitali baadaye, kwanza meno!" Dorkasi alipandisha sauti, na macho yake yakajaa. "Mimi sichelewi tena, Mama Ukasha. Wewe mwenyewe uliniambia. Frank nilimchelewesha siku mbili, nikimngoja baba yake atoke shambani kwenye mkonge. Siku mbili tu! Kila mwaka mwezi wa nane nafunga, naenda kanisani, namwomba Mungu anisamehe zile siku mbili. Usinifanye nichelewe mara ya pili."

Hapo kitu ndani ya Bi Fatu kilivunjika. Miaka yote alidhani dhambi yake aliibeba mwenyewe, peke yake, kama mzigo wa kuni. Kumbe alimtwika mwenzake. Alikuwa amempa mama aliyefiwa jambo la kujilaumia, naye mama huyo alilibeba miaka ishirini na mitatu na kumshukuru aliyempa.

Alilaza dekio chini.

"Hukuchelewa, Mama Frank," alisema.

Tangu mazishi hakuna aliyemwita Dorkasi jina hilo.

"Hukuchelewa hata siku moja. Mwanao alikuwa anaharisha tu. Angenyweshwa maji, angepona, yule mtoto alikuwa na nguvu, alinivuta kidole. Ni mimi niliyemchokoa ufizi kwa njiti niliyoifuta kwa kanga. Kidonda kikaoza, kikamuua. Na uliponiuliza umekosea wapi, nilijua moyoni kwamba swali lilikuwa langu, nikakutupia wewe. Hakuna meno ya plastiki. Vile vijino laini nilivyokuonyesha yalikuwa meno yake, machanga, yanajengwa. Ya Upendo pia. Usimpe mtu yeyote huyo mtoto amchokoe. Nami usinisamehe, sikuombi hilo."

Dorkasi aliendelea kumbembeleza Joyceline, juu chini, juu chini, kana kwamba hajasikia. Kisha alisema kwa sauti ndogo sana, "Nilimbeba mwenyewe. Nilimshika miguu ili asirushe."

Bi Fatu alikuwa amemwondolea mzigo mmoja, na mwingine umejitokeza chini yake.

Daktari Hosiana alikuwa amesimama getini kwa muda, mkoba begani. Alimchukua mtoto, akamwangalia macho na ulimi, akamwita Upendo na mama yake, na wote wanne wakapanda bajaji kwenda hospitali. Joyceline alikutwa na malaria. Alipewa dawa, akalazwa siku mbili, akaruhusiwa akiwa anacheka.

Alasiri ile kulikuwa na jino la kwenda Dar es Salaam. Bi Fatu alikwenda kulichukua deli mahali pake, hakulikuta. Daktari alikuwa amelibeba mwenyewe kwenda stendi. Katika adhabu zote alizowahi kujiandalia, hiyo hakuifikiria, na ilimuuma kuliko kofi.

Siku nne Daktari hakumwita "mama". Siku ya tano alimsimamia mlangoni. "Bi Fatu, Jumatatu ni siku ya chanjo ya watoto. Utakwenda kusema mbele ya akina mama kama ulivyosema barazani. Yote, bila kupunguza."

Alikwenda, akasema. Wengine walilia, mmoja alitema mate chini karibu na miguu yake, na mwingine alimfuata pembeni kumuuliza kwa siri kama ni kweli, maana mkwe wake amepanga mtoto atolewe meno Alhamisi. Jumapili iliyofuata alisafiri hadi Handeni kwa yule mke wa shemeji. "Wewe ulipokuwa unaletewa kuku hukuyajua hayo?" aliulizwa, na yeye akanyoosha mkono. Alipewa njiti, akaizamisha chooni. Lakini njiti za baiskeli ziko kila mahali, na hilo Bi Fatu analijua.

Wiki mbili baadaye Dorkasi alikuja kliniki peke yake. Hakuamkia. Alisimama mbele ya Bi Fatu na kuuliza, "Vijino vya Frank ulivitupa wapi?"

"Vilifukiwa. Nyuma ya nyumba yetu ya zamani, Segera, kwenye kichuguu. Mama mkwe alisema ugonjwa usirudi."

"Nipeleke."

Walipanda basi. Pale Segera malori ya Arusha na ya Tanga yalikuwa yakipishana kama siku zote, na akina mama wanakimbilia madirishani na machungwa. Nyumba ya Kibwana ilikuwa imeuzwa zamani. Nyuma yake kichuguu kilikuwa kimesawazishwa, vijana wanaoshea pikipiki hapo, na maji ya sabuni yanatiririka kuelekea mtaroni. Bi Fatu alipima kwa hatua kutoka kona ya ukuta, akasimama, akaonyesha kwa kidole.

"Hapa. Vya Frank, na vya wengine wengi."

Dorkasi aliitazama ardhi. "Zile seli anazozisema daktari, ambazo bado hazijachagua kazi. Frank alikuwa nazo?"

"Alikuwa nazo. Nyingi."

"Bado zipo?"

Bi Fatu alitamani sana kusema uongo mmoja wa mwisho, wa huruma. "Hapana," alisema. "Zinataka barafu. Zilikufa siku ile ile."

Dorkasi alipiga magoti kwenye tope la sabuni, akachota udongo kiasi cha kiganja, akaufunga kwenye pembe ya kanga yake, fundo mara mbili. Vijana walizima pampu ya maji wakabaki wanaangalia.

"Kumbe sikuchelewa," alisema Dorkasi, na akaanza kulia, kilio kikubwa, cha wazi, cha mtu aliyefiwa jana.

Machozi yalimtoka Bi Fatu pia. Dorkasi aliyaona, akainua mkono kumzuia.

"Wewe usilie, Mama Ukasha. Leo ni zamu yangu."

Bi Fatu alijifuta uso, akajikaza. Akamshikia mkoba mpaka alipomaliza.